Kabla hujasaini bondi ya ndugu hapa Marekani, nisikilize mimi niliyekimbiwa

Mi niko Dallas. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikamatwa, jaji akaweka dhamana ya dola 20,000. Nikaenda kwa jamaa wa bondi ng'ambo ya jela, yaani mfanyabiashara anayemdhamini mtu kortini kwa ada, nikalipa 2,000 ambazo hazirudi hata kesi ikifutwa, nikaacha na taito (kadi ya umiliki) ya Camry yangu. Nilidhani ni kama Bongo, unaenda na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, unasaini, basi. Kumbe kwenye zile karatasi kuna mstari unasema akiruka dhamana gharama za kumsaka ni zangu, na mi sikuusoma.

Siku ya kesi nilifika mimi, yeye hakuja. Texas wana utaratibu wao, afisa anatoka mlangoni mwa korti anaita jina kwa sauti. Jina letu akalitamka hovyo hovyo, korido nzima kimya, mi niko kwenye benchi naangalia viatu vyangu.

Dogo alikuwa keshafika Louisville, Kentucky, kwa washkaji. Jamaa wa bondi akatuma mtu wake wa kumsaka, na huyo mtu alikuwa anajiamini kweli, akaniambia toka 1872 Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mdhamini anaweza kumfuata mtu wake hata jimbo lingine. Ni kweli ilisema. Ila nenda kasome kesi yenyewe, inaitwa Taylor v. Taintor, wale wadhamini walishindwa! Mtu wao alitoka Connecticut akaenda New York, akakamatwa akapelekwa Maine kwa kosa lingine, na bado wakaambiwa dola 8,000 walipe. Hiyo sehemu hawakuhadithii.

Alafu Kentucky ndo ilipiga marufuku biashara ya bondi toka 1976, na mtu wa bondi wa jimbo lingine hawezi kuja kubeba mtu tu, lazima kwanza apate waranti (hati ya kukamata) ya jaji wa kule kule. Sasa huyu wa kwetu hakujua au alijifanya hajui, akakaa motelini wiki nzima, hoteli na mafuta juu yangu, akarudi mikono mitupu. Jumla dola 1,800. Kwahiyo ukiona wanataka kutuma mtu, waulize wanajua sheria ya jimbo analoenda? Illinois, Oregon na Wisconsin nazo hazitaki hiyo biashara, na hata hapa Texas hawaruhusiwi kuingia nyumba ya mtu bila mwenyewe kukubali.

Utasema si polisi wapo. Polisi wa Louisville walimsimamisha dogo kwa taa ya breki, waranti ikatokea kwenye kompyuta, lakini kaunti yetu ilikuwa imeandika watamfuata mtu majimbo jirani tu, na Kentucky haipakani na Texas, wakamwachia aende zake. Nilivyosikia nilikaa chini kabisa. Kwahiyo muulize wakili mapema hiyo waranti inafika wapi.

Na usiende kumkamata mwenyewe na mabinamu zako wawili kwenye van, tafadhali, unaweza kugeuka wewe ndo mteka nyara.

Kilichoniokoa ni tarehe. Kwa sheria ya Texas, kosa likiwa kubwa una siku 270 toka alipokosa kufika, kosa likiwa dogo ni 180, akiwekwa jela yoyote ndani ya Marekani kabla hazijaisha, deni la bondi linakutoka. Nikaandika tarehe kwenye friji, nikaacha kumtumia meseji za matusi, nikampa simu mama mkwe aongee naye. Mama hakugomba, alilia tu. Wiki ya pili dogo akapanda basi, Nashville, Memphis, mpaka Dallas, wakili akampokea stendi wakaenda kujisalimisha. Ilikuwa siku ya 212, na kosa lake ni lile la siku 270.

Taito ya Camry nilirudishiwa kesi ilipoisha. Ile 1,800 dogo ananilipa mia mia, mwezi huu hajatuma.