Pike ya tere inakatala kuingia kwenye majiwe ya volkano

Ndugu, umesema pike ya tere (chuma kirefu kinachopigwa chini ili umeme unaovuja uingie ardhini) imegonga jiwe kwa sentimita 60 na fundi anataka kuikata. Usimuache aikate! Huku kwetu Goma tunakaa juu ya lava, jiwe kavu halipitishi umeme muzuri, sasa ukikata unabaki na kipande cha chuma cha kupamba tu. Kama nyumba ingali kwenye fondasio, weka waya ya shaba wazi, milimita skwea 25, izunguke chini kabisa ya mtaro mbele ya kumwaga betoni, hiyo njo ninaipendaga. Kama nyumba imeisha, tafuta penye udongo, piga pike mbili, ziachane zaidi ya urefu wa pike moja, uziunge na waya.

Kupima, multimetre haitoshi, omba mtu mwenye telirometre (chombo cha kupima tere), na upime kiangazi, Julai hivi, juu wakati ya mvua namba inakudanganya. Kwa diferansieli (swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja) ya 500 mA, namba ya tere isipite om 100 (volti 50 gawa kwa ampea 0,5). Mimi lakini naongezaga diferansieli ya 30 mA kwa priz (soketi) zote. Zima umeme kwanza mbele ya kufungua bareti (kipande kinachounga waya ya pike na waya ya tere ya nyumba) ili upime.