Kucheka Kwenye Msiba wa Abilene

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilitazama pamoja na wanangu wakubwa filamu ya Kimarekani iitwayo Vengeance, yaani Kisasi. Inahusu mwandishi wa New York anayekwenda Texas kumzika binti aliyekufa, kisha anabaki huko kuchunguza kifo chake. Tulicheka sana, halafu nikaona haya, kwa sababu tulikuwa tunacheka kwenye mazishi ya mtoto wa watu. Je, ni halali kufanya vichekesho juu ya kifo? Na kwa nini yule mgeni aliyetuchekesha muda wote anamalizia kwa kuua? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, haya uliyoiona ni ya heshima, nami nisingependa uiondoe upesi. Ila nakuomba utazame tena ni nani hasa anayechekwa.

Filamu hii ya mwaka 2022 iliandikwa na kuongozwa na B.J. Novak, ambaye pia anaigiza nafasi ya mwandishi huyo, Ben. Ben alikutana na Abilene, binti huyo aliyekufa, mara chache tu wala hakumhesabu kuwa mchumba wake, lakini Ty, kaka wa marehemu, anampigia simu usiku akilia kama mtu anayezungumza na shemeji yake, naye anashindwa kumkatalia. Huko mazishini anatakiwa asimame amzungumzie marehemu ambaye kwa kweli hamjui, na anaokoteza maneno ambayo yangemfaa maiti yeyote. Tunacheka hapo, na kicheko kinamwangukia yeye, si Abilene.

Huenda umewahi kuona watani wakiingia msibani na kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Mtani anaruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu uhusiano wake na wafiwa unajulikana, na kazi za mazishi zinamhusu pia. Ben amepewa nafasi ya ndugu bila kuwa na undugu wowote. Ty anapomweleza kwamba dada yake aliuawa na kwamba inawapasa kulipiza kisasi, Ben anaona humo podikasti, yaani kipindi cha sauti cha kusikilizwa mtandaoni, anapatana na mtayarishaji wake aliyeko New York, kisha anakaa nyumbani kwa wafiwa, akila chakula chao na kurekodi sauti zao. Kwangu mimi kosa lililo zito zaidi katika filamu nzima ni hilo, nami namsifu Novak kwa kulionyesha bila kumtafutia Ben visingizio.

Watu wa Texas nao hawakufanywa wajinga ili mtu wa mjini aonekane mwerevu. Kuna mahali Ben anawauliza ni nini hasa kinachowafanya waipende Whataburger, mkahawa wao wa baga, akitarajia wampe sababu, nao wanamwambia kwamba wanaipenda tu. Jibu hilo linamshinda, kwa kuwa amezoea kuamini kwamba kila pendo lina maelezo yake.

Kuhusu mwisho, kumbuka kilichomuua Abilene. Ben anagundua kwamba binti alikuwa ametumbukia katika dawa za kulevya, jambo ambalo wengine katika familia walilijua, na kwamba alipozidiwa aliachwa kwenye mashamba ya mafuta mahali ambapo simu haishiki, huku vyombo vya usalama vikisukumiana jukumu la eneo lile. Anayehusika ni Quentin, mtayarishaji wa muziki anayeigizwa na Ashton Kutcher, mwenye ulimi mtamu na majibu kwa kila jambo. Maneno yake juu ya kifo yanafanana mno na yale ambayo Ben mwenyewe amekuwa akiyarekodi, kwani wote wawili wamemgeuza Abilene kuwa kisa. Nadhani ndiyo maana Ben anampiga risasi: anajiona ndani yake.

Hata hivyo, sikubaliani na risasi ile. Inakuja haraka mno kwa mtu tuliyemwona akisitasita kwa zaidi ya saa nzima, na inampa Ty kisasi ambacho msiba wenyewe haukukihitaji. Kinachonigusa zaidi ni kile anachokifanya baadaye, anapozifuta rekodi zake zote, ungamo la Quentin likiwamo. Mtu aliyekwenda Texas kuchukua sauti za wafiwa anarudi kwao New York bila hata moja.