Lekchara kaniandikia "umesimulia tu", nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo mwaka wa pili hapa Dodoma nasomea ualimu wa Kiswahili, likizo nikapangiwa TP (mazoezi ya kufundisha) sekondari moja huko Bahi. Tumerudi tunaambiwa tuandike insha ya tafakuri tufuate hatua 6 za Gibbs, yule mtaalamu wa elimu. Nikaandika kurasa 4, nilivyofika, nilivyofundisha ngeli kidato cha pili, wanafunzi walivyofurahi, mwisho nikaweka "nimejifunza mengi". Imerudi na 9 kwa 20 na wino mwekundu "umesimulia tu, tafakuri iko wapi?" Hivi kuna maneno yake maalumu?
Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na hiyo 9, ila lekchara wako yuko sahihi. "Nimejifunza mengi" mimi nikiiona tu nauliza mengi yapi, maana hata aliyelala TP nzima anaweza kuiandika.

Maneno yapo, na la kwanza tunalo kila siku mdomoni: kumbe. Ngoja nikupe la kwangu. Mara ya kwanza nafundisha ngeli, ilikuwa Kongwa, nikamaliza nikauliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyo mwalimu!", nikatoka kifua mbele, jioni nasahihisha madaftari nakutana na "kifaru kimelala", "kipofu kimefika", daftari baada ya daftari. Ukiishia hapo umesimulia. Tafakuri inaanza hivi: "Nilidhani ile ndiyo ya pamoja ni dalili ya kuelewa, kumbe swali langu lilikuwa na jibu moja tu la heshima." Umeona, nilidhani upande huu, kumbe upande ule, na katikati yake ndo kuna maksi.

Halafu angalia nyakati za vitenzi vyako, nina hakika kurasa zote 4 ni -li- tupu. Tukio liende na -li- sawa, ila unachokiona leo kiwe na -na-: "sasa naona nilianza na kiti na kikombe, nikawazoesha kwamba kila ki- inakwenda na ki-". Ulichokikosa kina -nge-, "ningewapa sentensi 3 waandike kabla ya kengele ningegundua mapema" (kama lekchara wako ni mtu wa sarufi mwekee -ngali-, atafurahi). Na pale usipokuwa na hakika sema huenda, pengine, yawezekana, usijifanye unajua kila kilichokuwa kichwani mwa mtoto.

Gibbs huyo, Mwingereza, hatua zake ni za mwaka 1988: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Wengi wenu hatua ya kwanza inakula kurasa 3. Ipe aya moja! Kwenye hisia usiseme "nilijisikia vibaya", sema niliona aibu, nikawakasirikia wao kwanza kabla sijajiuliza mimi. Ndiyo, "mimi" inaruhusiwa humu, achana na "mwandishi wa kazi hii". Na kama katikati ya kipindi uliona mambo hayaendi ukabadilisha hapohapo, iandike pia, Donald Schön, mwanafalsafa wa Marekani, aliliongelea hilo mwaka 1983, kwamba mtu wa fani hutafakari akiwa ndani ya tendo lenyewe, siyo mpaka arudi nyumbani.

Mpango nao usiwe "nitaboresha ufundishaji wangu". Andika "kipindi cha ngeli, dakika 5 za mwisho kila mtu ataandika sentensi 3 zenye kifaru, kiziwi na kijana, nitazisoma kabla sijaenda ngeli nyingine". Hiyo hata supavaiza akija anaweza kuikagua.

Kama unaruhusiwa kurudia, usiifute yote. Nenda pale ulipoandika wanafunzi walifurahi, ujiulize ulijuaje.