Kwa mdogo wa mtaa wa Katuba anayetaka kusaidia watoto wa la 7 na la 8

Mdogo wangu, umesema umepata diploma ya serikali (ya kumaliza sekondari), unangojea masomo yaanze Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na unataka kuwafundisha bure watoto wa darasa la 7 na la 8 wakitoka shuleni, ila unaogopa hesabu. Mimi nafanya kazi hiyo hapa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, Kongo, siyo nchi, wasomaji wa mbali msichanganyikiwe). Hesabu ya la 8 utaiweza. Kinachotushinda wengi ni kufungua kaye (daftari) ya mtoto na kuisoma.

Fikiria: mtoto akiwa primeri (shule ya msingi) alikuwa na mwalimu mmoja. Akifika la 7, ambalo kwetu liko sekondari, kila somo lina mwalimu wake, anaandika ubaoni kwa Kifaransa, watoto wananakili mbiombio, kengele inalia. Nyumbani hakuna kitabu, kaye ndiyo kitabu. Kikinakiliwa kosa, kinakaririwa kosa.

Kuna binti aliniandikia −3 − 5 = 8. Nikamuuliza imekuwaje. Akanitolea kanuni kwa Kifaransa bila kukwama: hasi kwa hasi ni chanya. Nikaomba kaye. Kanuni ipo, sahihi kabisa, ila kichwa cha somo hakipo. Ilikuwa ya kuzidisha, yeye akaibeba kila mahali. Nikamwambia: una deni la elfu 3 dukani, kesho unakopa tena elfu 5. "Elfu 8, na mama wa duka atakuja kulalamika nyumbani." Sasa hizo 8 unazo au unadaiwa? Akacheka, akachukua kifutio mwenyewe. Halafu tukaandika kile kichwa kwa kalamu nyekundu. Ningemfanyia zoezi lile, angepata pointi za siku moja na kanuni ingebaki vilevile.

Kwa hiyo watakusukumia kazi ya nyumbani uwafanyie. Kataa kwa upole. Na wazazi waambie mapema kwamba pointi za kipindi cha kwanza huenda zisipande.

Jambo lingine ni ada. Tangu 2019 primeri za serikali ni bure, lakini sekondari mzazi bado analipa. Mtoto akifukuzwa darasani kwa ajili ya ada, anapoteza maandishi ya siku zote hizo, na akirudi hakuna wa kumngoja. Siku hiyo atakuja kwako na yunifomu yake. Mkaribishe. Tafuta mwanafunzi wa darasa lake mwenye mwandiko mzuri, aazimishe kaye, anakili palepale mezani kwako. Lakini usimlipie ada mfukoni mwako. Utamlipia mmoja, kesho watapanga foleni mlangoni, na wewe mwenyewe hujapata kazi.

Uliza kwanza kila mtoto anasoma asubuhi au mchana, maana shule nyingi zina zamu mbili. Wa asubuhi wapite nyumbani wale kitu. Mtoto mwenye njaa humfundishi chochote, hata vitumbula viwili vinasaidia. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Ongea na prefe (mkuu wa shule) na wazazi kabla hujaanza, mlango wa chumba mnachosomea uwe wazi muda wote, usibaki peke yako na mtoto, na wasichana wawe wamefika kwao kabla ya giza.

Wa la 8 wana TENASOSP (mtihani wa taifa wa kuwaelekeza masomo) mwisho wa mwaka, na baada yake kuchagua fani. Wavulana wengi hapa watakwambia umeme au mekanike kwa sababu ya migodi. Sawa, lakini angalia kaye zao za fizikia ndipo muongee.

Wakuite yaya (kaka au dada mkubwa), siyo mwalimu. Kwa yaya mtoto anathubutu kusema hajaelewa.

Uliuliza kama uchukue faranga kidogo za chaki. Hapana, chaki omba paroasi. Ukipokea pesa hata kidogo, wazazi watataka pointi kwa pesa yao, na wewe utaanza kuwafanyia watoto mazoezi.