Jibu: Nyasi zinarudi kila nikipalilia, nifanyeje?

Habari ndugu. Kwa hiyo tangu umwage ule udongo wa lori hapo Pasua, unapalilia leo, wiki ijayo nyasi zimesharudi. Kwanza shika shina ulizungushe vidoleni: likiwa na pembe tatu, hizo ni ndago, magugu yanayofanana na nyasi na yenye viazi vidogo mizizini. Ukivuta kwa mkono jani linakatika, kile kiazi cheusi kinabaki chini na kuchipua upya.

Mimi huku Majengo huchimba kwa jembe uma udongo ukiwa na unyevu, nafuata mzizi mpaka kiazi cha mwisho, kisha navianika juu ya bati vikauke kabisa. Kwenye mboji usivitupe hata kimoja! Machipukizi mapya yang'oe mapema, kabla hayajazaa viazi vingine. Udongo wa lori uliobaki uchekeche kwanza kabla ya kuumwaga.