Niliagiza Nazi, Nikaletewa Koroma

(Swali na jibu hili ni la Ramadhani ya 2020, wakati wa korona. Kafyu, kufungwa kwa miji, abiria wachache kwenye matatu na kutokatwa ada ya M-Pesa vilikuwa vya wakati ule.)

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi niko Nairobi, South C. Mama yangu ana miaka 72 na maradhi ya sukari, yuko Majengo, Mombasa, na mjukuu wa miaka 11. Tangu Nairobi ifungwe kwa ajili ya korona tarehe 6 Aprili 2020, na Mombasa siku mbili baadaye, siwezi kwenda kumwona. Nimemtafutia kijana wa bodaboda. Namtumia orodha kwa simu na pesa kwa M-Pesa, yeye ananunua na kumpelekea. Kila siku ni ugomvi: nyanya zimepondeka, mchicha umelala, samaki ananuka. Mboga zenyewe mama anazirowesha kwenye Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, eti kuua virusi. Juzi kajitia buibui, kapanda matatu hadi soko la Kongowea mwenyewe, barakoa kaiweka mkobani. Nikimsemesha ananijibu, "Mimi si maiti wa kununuliwa sanda." Nimkataze kwa nguvu?

Binti wa Majengo

JIBU

Marahaba mwanangu. Kumkataza mama wa miaka 72 asiende sokoni, mimi sijui hufanywa vipi. Mimi nina 64, mwanangu alijaribu, nikamzimia simu siku mbili. Hebu tuitazame hiyo orodha yako, maana nami nimepita hapo hapo.

Kafyu ilipoanza, mwisho wa Machi, niliagiza vitu kwa programu ya supamaketi moja. Vilifika siku ya tatu, unga wa ngano umegeuka unga wa sima. Kabla ya hapo mtu alinipigia akitaka kujua nyumba iko karibu na nini. Nikamwambia msikiti. Akaniuliza msikiti upi. Mombasa hii! Nikaachana nao, nikamchukua kijana wa bodaboda wa stejini kwetu. Nikamwandikia: nazi 4, mbatata kilo 2, mchicha, samaki changu mmoja.

Akaniletea koroma nne, nazi ambazo bado hazijakomaa. Ni kijana wa bara, ana adabu zake, mbatata aziita waru, na nazi kwake ni chochote cha mviringo kilichoshuka mnazini. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna, nikakamua, tui likatoka jepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Wali wa siku ile tuliula kimya.

Nilitaka kumfukuza. Kisha nikajiuliza, mimi mwenyewe nikiwa sokoni hufanya nini? Nazi naitikisa sikioni: maji yakilia naichukua, ikinyamaza nairudisha. Nyanya naigeuza nitazame kwenye kikonyo. Samaki namfunua mashavu, ndani pawe pekundu, na jicho lisiwe limezama. Mkono unayafanya yote hayo huku mdomo ukiuliza habari za watoto. Na kwenye orodha niliandika "nazi 4", basi. Yule kijana aliniletea nne.

Nikamkalisha barazani, yeye ncha ile, mimi ncha hii, kila mtu na barakoa yake. Nikamrushia nazi mbili, moja nzima na moja mbovu, azitikise. Ilichukua robo saa. Sasa ananipigia akiwa sokoni, ananisikilizisha nazi kwa simu. Sisikii kitu, lakini namwambia chukua.

Mama yako, mwanangu, hana shida na nyanya. Anataka kuchagua. Miaka yote hiyo Kongowea bila shaka ana mama anayemuuzia, wanajuana hadi majina ya wajukuu. Pata nambari ya huyo mama. Kijana akifika pale, apige simu ampe muuzaji, wazungumze wenyewe, wagombane bei, wacheke. Wewe uliye South C toka katikati. Hata orodha usiandike, mwachie mama aiseme na mjukuu aiandike.

Pesa ndiyo ibaki kwako. Mwaka huu wa 2020, tangu katikati ya Machi, kumtumia mtu kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 hakukatwi ada, kwa hiyo gawanya: mia tisa za vitu kabla kijana hajatoka, nauli yake mama akishaona kikapu. Na mkubaliane idadi au kilo, si fungu. Fungu la nyanya la shilingi 50 leo lina sita, kesho nne, na lawama zote humwangukia mwenye pikipiki.

Kuhusu Jik, hapo sasa mkataze kwa nguvu zako zote. Ile ni ya sakafu na ya nguo nyeupe. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, mikono kwa sabuni baada ya kushika mifuko, inatosha. Shirika la Afya Duniani linasema halijaona ushahidi kwamba watu huambukizwa ugonjwa huu kwa chakula. Ugonjwa wa pumzi huu. Mimi huo mchicha haunitishi, linalonitisha ni lile matatu. Hata kama la abiria 14 sasa linabeba 8, mama mwenye sukari aliyeweka barakoa mkobani si wa kukaa humo. Mwambie hivyo hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema. Wa rika lake huenda akanisikia.

Samaki aagizwe asubuhi, kabla ya saa nne. Na mwezi huu wa Ramadhani usimtume kijana alasiri, maana kila nyumba inamtaka saa ile ile, mihogo ya huyu, ndizi za yule, na kafyu inaingia saa moja. Magharibi inaadhiniwa kama saa kumi na mbili na robo, muda unaobaki ni mchache na polisi wako barabarani. Ikibidi afike jioni, mama amwekee tende na chupa ya maji kwenye kizingiti cha mlango. Kijana wangu niligundua wiki iliyopita kwamba amekuwa akifuturu juu ya pikipiki, kwa maandazi aliyoyafunga kwenye mfuko wa kofia.