Unahamia mji mdogo Iowa? Nisikilize mimi niliyekulia huko

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia kutoka Dallas. Mume wake amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama, kwenye mji mdogo huko Iowa. Mshahara ni mzuri kuliko anaopata sasa, nyumba za kupanga ni nafuu, na anatakiwa kuripoti kabla shule hazijafunguliwa. Mama wa watu ameangalia ramani, ameona mashamba matupu. Akaniuliza: "Mdogo wangu, huko kuna watu kweli? Watoto wangu watacheza na nani?"

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira, ingawa si kwa ajili yake. Mwaka tuliohamia Iowa mjomba wangu alimpigia baba simu kwa swali hilohilo, ila yeye hakuja kuuliza, alikuja na hukumu tayari: "Umewatoa watoto kambini ukawapeleka porini." Baba alikuwa ameweka spika, sote tulisikia. Siku hizi mjomba huyohuyo ananipigia nimsaidie kujaza fomu za chuo za wanawe. Nazijaza. Lakini sijasahau.

Kwa hiyo dada yangu, jibu lako limekuwa refu, na nimeamua kuliweka hapa kwa sababu najua mko wengi.

Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kongo, walivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita, na mimi nimezaliwa kambini. Tulitua Marekani mwaka 2013 nikiwa na miaka kumi. Habari za uwanja wa ndege na makoti ya msaada mnazijua, naziruka. Mji wa kwanza tuliopangiwa ulikuwa mkubwa, baba hakuuelewa. Akasikia kwa mtu wa kanisani kwamba Iowa kuna kazi ya nyama, akatupakia kwenye gari la kuazima, tukaenda.

Jina la mji wetu sitaji. Watu hawafiki elfu mbili. Nikitaja tu, kila mmoja atajua ninamsema nani. Kuna tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, limeandikwa jina la mji ili usipotee. Kuna maghala marefu ya nafaka kando ya reli, shule moja, makanisa mengi kuliko maduka, na kituo cha mafuta cha Casey's kinachouza pizza. Usicheke. Mtu wa Iowa ukimwambia pizza ya Casey's ni mbaya, mtakosana. Ukishapita hapo ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Jimbo zima lina watu kama milioni 3 na nguruwe zaidi ya milioni 20, kwa hiyo upepo ukigeuka, funga dirisha.

Siku za mwanzo mama alilia, na kilichomliza ni unga. Mahindi yamezunguka nyumba pande zote na ugali hakuna! Yale mahindi ni ya njano, ni chakula cha mifugo na mengine yanatengenezwa ethanoli ya kutia kwenye magari. Unga mweupe tuliufuata mjini, zaidi ya saa moja kwa gari, tukipita katikati ya mahindi kwenda na kurudi.

Aliyemtuliza mama ni jirani yetu, bibi mmoja mjane wa mkulima. Siku moja mama alimwona uani anapalilia bustani yake ya nyanya, anang'oa majani na kuyatupa kwenye ndoo. Mama akasogea, akachungulia. Lengalenga! Mchicha wa porini, ule wenye shina jekundu chini. Kwa wakulima wa kule hayo ni magugu mabaya kabisa, wanapambana nayo kwenye soya kila mwaka. Mama Kiingereza hana, bibi Kiswahili hana. Mama akaishika ndoo, akajionyesha mdomoni, akajisugua tumbo. Bibi akamtazama kama mtu anayetaka kula nyasi. Kesho yake asubuhi ndoo ilikuwa mlangoni kwetu, imejaa, majani yameoshwa, na kila jani bovu limetolewa. Jioni mama akampelekea bakuli la lengalenga lililoungwa kwa karanga. Bibi akatia siagi juu, siagi nyingi ajabu, akala yote.

Hapo ndipo tulipoanza kuwa na watu. Na ushauri wangu wa kwanza, ambao kusema kweli ndio karibu wote, ni huo: jionyeshe. Toka nje. Usikae ndani umeshusha pazia ukisubiri mtu aje kugonga mlango akukaribishe, maana wale watu wana aibu kuliko sisi. Watakupungia tu wakiwa kwenye gari, tena kwa kidole kimoja, hata hawatoi mkono kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu. Irudishe.

Nilipofikisha miaka 14 nilikwenda kung'oa mbelewele. Wasiojua niwaeleze: kampuni za mbegu hupanda mistari ya mahindi ya kike na ya kiume kwenye shamba moja, na ili wapate mbegu chotara ni lazima mistari ya kike itolewe lile ua la juu kabla halijamwaga chavua. Mashine hung'oa mengi, yanayobaki yanafuatwa kwa mkono, na miaka nenda miaka rudi mikono hiyo imekuwa ya vijana wa shule. Basi lilitubeba kabla ya mapambazuko. Asubuhi majani yamejaa umande, unalowa mpaka nguo za ndani, basi unavaa mfuko wa takataka uliotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Ikifika saa nne jua limekuwa kali, unauvua, na sasa majani yanakuchanja shingo. Kijana wa mstari wa pembeni, mtoto wa mfuga nguruwe, alinionyesha jinsi ya kufunga leso shingoni. Mimi nikamfundisha pambio za kambini. Hakuelewa hata neno moja, lakini aliimba kwa sauti mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Huyo ndiye rafiki yangu mpaka leo. Mama yake alinirudisha nyumbani siku ile, akaingia kunywa chai, na wakati wa kuondoka ukafika kwa namna ambayo baba alifurahi nayo mwaka mzima. Akapiga mapaja, akasema haya sasa. Akasimama, akaongea. Akafika mlangoni, akaongea. Akaingia kwenye gari, akashusha kioo, akaongea. Baba akasema: "Hawa ni ndugu zetu, hawajui kuagana." Familia hiyo ndiyo iliyotupeleka maonyesho ya jimbo Des Moines, ambako karibu kila Agosti, tangu 1911, wanaonyesha ng'ombe mzima aliyefinyangwa kwa siagi. Baba alisimama mbele ya kioo cha ng'ombe huyo muda mrefu, akauliza mkate uko wapi.

Sitaki mdhani nauza asali. Wapo waliotutazama vibaya. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anamfuata mama dukani kila pembe, kana kwamba ataiba chumvi. Miaka baadaye kanisa lao liliandaa chakula cha kuchangia, kila familia na sahani yake, mama akapeleka sambusa. Yule mwanamke alirudi kuongeza zaidi ya mara moja. Pole hajasema hadi leo. Mama alimwekea sambusa huku anatabasamu. Mimi sikutabasamu, na sioni kwa nini ningetabasamu.

Lakini angalia ilivyokuwa Agosti 10, 2020. Ulikuja upepo, wenyewe wanauita derecho. Kwenye mji wa Cedar Rapids, hukohuko Iowa, ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Ulipopita kwetu mahindi yote yalikuwa yamelala chini yameelekea mashariki, ghala la chuma limekunjwa, miti iko barabarani, na umeme umekwenda kwa siku nyingi. Kwenye friza tulikuwa na mbuzi mzima tuliyemnunua kwa Mwamishi, wale Wakristo wakulima wanaotumia mkokoteni wa farasi badala ya gari. Baba akasema huyu mbuzi haozi hapa. Akakusanya matawi yaliyoanguka, akawasha moto uani, akaanza kuchoma. Harufu ikaita mtaa. Kila mtu akaja na nyama yake iliyokuwa inayeyuka. Bibi jirani akaleta mahindi matamu, yale ya kuchemsha na kupaka siagi. Mama akampokonya taratibu, akayaweka juu ya makaa. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka 80, amezaliwa Iowa, na hakuwahi kula hindi la kuchoma namna ile. Alikula akiwa amesimama, masizi mashavuni.

Siku zilezile huko Cedar Rapids familia za wakimbizi, wakiwemo Wakongomani wenzetu, zilikuwa zinalala kwenye mahema nje ya majengo yao yaliyovunjika paa. Watu waliotoka kwenye mahema wakarudi kwenye mahema. Walisaidiana, na wengi walijitokeza kuwasaidia, sisemi mjini hakuna utu. Nasema kwetu hakuna aliyelazimika kueleza yeye ni nani. Baba wa rafiki yangu alifika na msumeno wa mashine kabla hatujampigia, na simu zenyewe hazikuwa zinashika.

Hapa wazazi mniwie radhi, nitasema kama mchungaji. Acheni kuhamahama! Kila mwaka nawaona, leo Arizona, kesho Kentucky, keshokutwa Texas, eti huko wanaongeza dola mbili kwa saa. Dola mbili mnazimaliza kwenye lori la kuhamia. Mtoto anabadilisha shule kila mara, hana mwalimu anayemkumbuka, hana rafiki aliyemwona akiwa hana meno ya mbele. Baba yangu aliitiwa mishahara mikubwa kuliko ule mara nyingi tu, na mikono yake imeharibika kwenye laini ya kukata nyama, usiku anashindwa kufunga vifungo. Alibaki. Nilipomaliza unesi, viti vya sherehe alivyopanga uani havikutosha. Watu walikuja na vya kwao vya kukunja kwenye gari. Mjomba alituma ujumbe wa simu.

Nendeni kwenye mechi za shule Ijumaa usiku hata kama mpira ule wao wa Kimarekani hamuuelewi. Mimi siuelewi mpaka leo, unasimama ukiona wenzako wamesimama. Nendeni kwenye chakula cha kanisa hata kama si kanisa lenu. Watoto wakiombwa kazi ya mbelewele, waacheni waende. Jionyesheni, nilishasema, narudia. Na Kiswahili msikiache nyumbani: sisi baba alikataa kujibu Kiingereza mezani, ukitaka chumvi uombe kwa Kiswahili, na ndiyo maana leo naandika hivi.

Sasa naishi Minneapolis. Hapa Waafrika ni wengi, maduka yetu yapo, sombe (kisamvu) ya kugandishwa naipata mtaa wa pili. Jirani wa mlango wa mbele simjui jina. Nimempungia kidole mara kadhaa, nadhani ananiona nina shida.

Dada, mengine ni ya haraka. Unga nunueni magunia kabla hamjaondoka Dallas. Lengalenga msichume pembezoni mwa shamba la soya, linapigwa dawa. Chumeni bustanini kwa mtu na mumwombe kwanza. Baridi ni kweli: Januari 2019 Cedar Rapids ilifika karibu nyuzi 34 za Selsiasi chini ya sifuri na shule zikafungwa, kwa hiyo blanketi na koleo la theluji vikae kwenye gari tangu Novemba. Halafu king'ora, kile cha kuonya kimbunga. Miji mingi midogo kule hupiga king'ora kila siku adhuhuri, ni desturi tu ya zamani. Sisi hatukuambiwa. Baba alivyosikia mara ya kwanza alitushusha wote chini ya nyumba, akafungua Zaburi. Kesho yake kikalia tena, tukashuka tena. Bibi jirani ndiye aliyekuja kutueleza kwamba ni saa ya chakula cha mchana. Kikilia saa sita kamili na jua linawaka, endelea kupika. Kikilia saa nyingine yoyote, zima jiko, chukua watoto na simu, shukeni chini, na msipande mpaka redio iseme.